Nyumba ya Mashine ya Jua

Katika miaka ile nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi mjini Bungoma, na wikendi nilikuwa mkalimani wa mikutano ya injili. Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyonipa jina. Mhubiri akija na Kiingereza chake kutoka mbali, mimi ndiye niliyesimama kando yake na kipaza sauti cha pili. Akiruka, naruka. Akinong'ona, nanong'ona. Akilia, nalia, na mara nyingine nililia kabla yake kwa sababu nilishajua mahubiri yanaelekea wapi. Mkalimani asiyeweza kuupandisha umati joto haalikwi tena, na mimi nilialikwa kila mahali, kuanzia Bungoma hadi Kitale.

Ndiyo maana Daktari alinitafuta mimi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kitale, binti wa familia ya wakulima iliyohamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa Kati kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa amesoma fizikia mpaka ikaisha, akafanya kazi ng'ambo miaka mingi katika maabara kubwa, halafu, kwa sababu ambazo ndugu zake hawakuzielewa, akarudi nyumbani kufundisha. Alikuwa na Kikuyu cha nyumbani, Kiingereza cha shule na Kiswahili cha sokoni. Kiswahili hicho kilimtosha kununua viazi, lakini akitaka kueleza fizikia kilimkwama kooni.

Jina la Daktari lilimletea usumbufu usioisha. Kila tulikokwenda lazima mtu amvute pembeni amwonyeshe goti. Naye aliliangalia lile goti kwa heshima, kisha akasema, "Pole sana mama, mimi ni daktari wa vitu, si wa watu." Wengi waliondoka wakiamini kwamba anaringa.

Siku ya kwanza tulikaa katika hoteli ya chai karibu na stendi ya Bungoma.

"Mwalimu," akaniambia, "kile kitu jua linafanya ndiyo liwake, kwa Kiswahili kinaitwa nini?"

"Sola," nikamjibu bila kufikiri.

"Hapana, hiyo ni ya kuweka kwa paa. Mimi nauliza jua lenyewe. Ndani kabisa."

Akachukua mandazi mawili kutoka sahani yangu, bila ruhusa, akayakandamiza mpaka yakawa donge moja. Jua, akasema, limejaa vipande vidogo vya hidrojeni, vidogo kuliko chochote unachoweza kukiona. Kule ndani vinabanwa na kuchemka mpaka viwili vinashikana na kuwa kitu kingine kipya, na vikishikana joto kubwa linatoka. Wataalamu wa nchi nyingi walikuwa wanajaribu kufanya jambo hilohilo hapa duniani, ili siku moja lizalishe umeme. Sehemu ya kuni zake ingetoka kwenye maji. Haingekuwa na moshi. Nilimsikiliza huku nikiyaangalia mandazi yangu.

"Muungano," nikasema mwishowe. "Muungano wa viini."

Alilirudia neno hilo mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Kisha akaniagizia mandazi mengine na kunieleza shida yake.

Maabara aliyokuwa akifanyia kazi ng'ambo ilikuwa na mashine ndogo ya kufundishia jambo hilo. Walikuwa wamepata nyingine mpya, na ile ya zamani walikuwa tayari kuitoa bure kwa yeyote atakayeipatia nyumba kavu, sakafu imara, stima ya nguvu, na majirani walioikubali. Daktari aliiomba. Chuo kimoja katika nchi nyingine pia kiliiomba. Tukichelewa, ingekwenda huko, na nyingine ya bure haikuwepo. Nyumba alikuwa ameshaiona: stoo ya mahindi ya chama cha wakulima, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara ya Suam, iliyokaa tupu tangu chama kianze kuyumba. Lakini stoo ilikuwa mali ya wanachama, na wanachama walitapakaa kutoka Kitale hadi Kimilili na Bungoma. Bila kura yao asingepewa hata mlango. Na bila watu wenye pesa, paa lake lingeendelea kuvuja.

Kwa hiyo alihitaji kuwashawishi wote wawili, mkulima na tajiri, juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mimi nilikuwa niwe mdomo wake.

Tulianzia Kimilili siku ya soko. Nilipanda juu ya kreti, nikafanya kama nilivyozoea. "Ndugu zangu," nikapaza sauti, "leo tumewaletea muungano!"

Mwuza kamba mmoja akainua kichwa. "Muungano gani tena, Mwalimu? Si ule wa juzi umevunjika?"

Soko zima likacheka. Wakati huo wanasiasa walikuwa wameungana kwa mbwembwe, wakaingia serikalini, kisha wakatimuana, na mimi mjinga nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Watu wakaanza kurudi kwenye vitunguu vyao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kreti yangu. Daktari akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu.

"Huyu baba amesema ukweli," akasema kwa Kiswahili chake chenyewe. "Hata hivi vitu vidogo havitaki kuungana. Havipendani. Kila moja inasukuma mwenzake. Vingependana, si mimi ningekuwa nimemaliza kazi zamani? Hiyo ndiyo shida yetu yote."

Mwuza kamba akaziweka kamba zake chini na kuuliza vinasukumana kwa nini. Tulikaa pale mpaka soko likaanza kufungwa. Nilikuwa nimefanya kazi na wahubiri wenye majina makubwa, na sijawahi kumwona hata mmoja akiokota dhihaka ya mtu na kuigeuza kuwa somo kwa upole namna ile. Nilianza kumpenda siku hiyo, ingawa nilimkasirikia tena kabla hatujafika nyumbani.

Nilimkasirikia kwa sababu ya neno nyuklia. Nilimwambia asilitaje kamwe. Mtu akisikia nyuklia anaona bomu, na hakuna mwanachama atakayempa mtu stoo aweke bomu. Alinisikiliza vizuri, na katika mkutano uliofuata, kwenye ukumbi wa kanisa Bungoma, nyuklia ndilo lilikuwa neno lake la pili baada ya salamu.

Mama mmoja akasimama. "Na itapasuka?"

"Haiwezi kupasuka kama bomu," Daktari akajibu, nami nikatafsiri. "Ukikosea kidogo tu, inajizima. Sisi hatuogopi kushindwa kuizima, mama. Tunashindwa kuiwasha." Ukumbi ukalegea kidogo. Hapo angenyamaza. Lakini hapana, akaendelea: "Ila iko na stima kali sana. Mtu akigusa pahali mbaya, anakufa."

Tulipotoka nje nikamgeukia kwa hasira. "Daktari, unauza ama unafukuza?"

"Mimi sijui kuuza. Ndiyo maana nilikutafuta."

"Basi niache niuze, bana."

"Uza," akasema. "Lakini uza hiyo tu nimesema."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, miezi na miezi, wiki hii kwa akina mama wa chama cha kuweka akiba karibu na Kibabii, wiki ile kwa wafanyabiashara wa mjini Kitale. Mimi nilipandisha joto, yeye akalishusha. Na kila mara, kitu ambacho sikukielewa wakati ule, watu wachache walibaki nyuma baada ya sala ya kufunga kumwuliza maswali. Hawakuwa wengi. Ila waliobaki Kimilili tuliwakuta tena Bungoma, wamelipa nauli yao wenyewe.

Mwishowe mwenyekiti wa chama akakubali kuitisha mkutano mkuu. Alikuwa mzee wa Bungoma, mstaafu wa serikali, mwenye suti moja na sauti ya kutosha watu kumi. Kwetu Bungoma r na l hubadilishana viti bila kuulizana, na kwa mwenyekiti zilikuwa zimehama kabisa. Alikodi pikapu yenye vipaza sauti, akakataa kumpa mtu mwingine kazi ya kutangaza, akazunguka mwenyewe kutoka Bungoma mpaka vijiji vya Kitale.

"Memba wote wa chama!" alitangaza. "Jumamosi ni siku ya kula kwa stoo ya Kitale! Kila memba, kula moja! Hata kama shamba yako ni ndogo, uko na haki ya kula! Usikubali mtu mwingine akule kwa niaba yako!"

Jumamosi hiyo watu walikuja mpaka nikadhani kuna mazishi. Wanachama walikuja na wake zao, na waume zao, na watoto waliooshwa wakapakwa mafuta. Wengine walibeba sahani. Kuna baba mmoja alikuwa na kijiko mfuko wa juu, pale ambapo mwalimu huweka kalamu.

"Chakula kiko wapi?" akauliza.

"Chakula gani?" mwenyekiti akamaka. "Mimi nilisema kula! Si nilisema kula?"

"Ndiyo, mzee," watu wakamjibu kwa pamoja. "Ulisema kula."

Mimi nilijua tumekwisha. Mtu aliyetoka nyumbani na sahani akirudi nayo ikiwa kavu, huwezi kumwomba kura, hata ukishuka na malaika. Nikamtafuta Daktari nimwambie tuahirishe. Nilimkuta ameegemea ukuta wa stoo anacheka huku machozi yanamtoka. Alipoweza kusema, akawaita kaka zake, akawatuma nyumbani kwa mama yao wakalete mahindi na maharagwe, na kanisani wakaazime sufuria zile kubwa za harusi na matanga.

"Githeri?" wakanung'unika watu wa Bungoma, walioanza safari na picha ya kuku kichwani. "Ati githeri?"

"Githeri," akasema Daktari. "Na inachukua muda, mahindi ni makavu. Kaeni tuongee."

Githeri ya mahindi makavu huchukua karibu mchana kutwa. Nilimtazama na kumwona ameshaelewa kwamba hakuna atakayeondoka. Nami nikafurahi mno, kwa sababu katika kazi yangu yote sijawahi kupewa umati usioweza kwenda nyumbani.

Alisimama kati ya sufuria. Akawauliza akina mama waliokuwa wanachochea moto: kama mngepewa moto mkali kuliko tumbo la jua, mngeuweka ndani ya sufuria gani? Mmoja akajibu kwamba sufuria yoyote ingeyeyuka. Ningekuwa mimi ningemsifu na kuendelea. Daktari akasema hapana, si hivyo hasa: ule moto ni mwepesi kuliko hewa, ukigusa sufuria, moto wenyewe ndio unaopoa na kuzimika. Kwa hiyo lazima ukae katikati, usiguse ukingo wowote. Akachukua sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akaweka misumari midogo juu ya sahani ya yule baba wa kijiko, akaipitisha sumaku chini yake. Misumari ikatembea. Hakuna mkono uliokuwa umeigusa.

"Hiyo ndiyo sufuria yetu," akasema. "Hauioni, lakini iko."

Yule baba akaomba kujaribu mwenyewe. Wakapanga foleni nyuma yake, watu wazima kabisa, kutembeza misumari.

Ndipo akasimama mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Kitale, mwenye malori, mtu ambaye akisema ndiyo, paa linatengenezwa wiki hiyohiyo. Sote tulikuwa tukimngoja yeye tangu asubuhi.

"Daktari, mimi ni mtu wa biashara," akasema. "Nikipanda, najua nitavuna lini. Hii mashine, stima itatoka lini?"

"Hii haitatoa stima. Itakula stima."

"Kwa hivyo hata mashine inakuja kula."

Watu wakacheka, naye Daktari akacheka nao. "Ndiyo, baba. Ni ya kufundisha. Vijana watajifunza hapa, halafu wengine wao wakasaidie kutengeneza ile kubwa."

"Sawa. Hiyo kubwa, lini?"

Kicheko kikakoma. Siku zile kila mtu alikuwa anauza tarehe. Kulikuwa na watu wa hisa, na kulikuwa na wale wa upatu walioingia mpaka makanisani wakiwaambia watu waweke leo wavune mara dufu mwezi ujao. Tajiri yule alitaka apewe mwaka, basi. Hata uwe mbali. Mwenyekiti akanivuta mkono wa blauzi.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "sema miaka kumi. Watu watakubari."

Daktari alijibu kwa Kiingereza, taratibu, kama alivyofanya akitaka jambo lisipotoke. Nikashika kipaza sauti na kumtazama, nikitumaini ataongeza neno. Hakuongeza. Nasema wazi kwamba nilimchukia dakika ile. Kazi yote ile, vumbi lote lile, nyumba iko mbele yetu na tajiri yuko tayari, na yeye anashindwa kutaja namba moja.

"Daktari anasema hajui," nikatafsiri. "Anasema huenda wengi wetu tulio hapa hatutaiona."

"Na mimi pia," Daktari akaongeza kwa Kiswahili.

Tajiri akatikisa kichwa bila hasira, akasema yeye basi hawezi, akaketi. Nikaona nyuso za watu zikimgeukia tajiri, kisha zikigeukia chini. Mwenyekiti akafunga macho.

Mama mmoja wa Kimilili, mwuza mitumba, akajiinua kutoka nyasini. Mikutano yetu yote ya Kimilili alikuwa amekuja na hakuwahi kuuliza swali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kukaa.

"Wale wa upatu waliniambia mwezi moja," akasema. "Nikangoja. Wakakuja wengine, wakaniambia wiki mbili. Wote walikuwa wanajua tarehe, na wote walinikulia pesa yangu. Huyu ndiye wa kwanza ananiambia hajui. Mimi nampatia stoo. Mkono yangu ndio hii, hesabuni."

Akaunyosha mkono na kusimama hivyohivyo, ingawa mwenyekiti alikuwa bado hajaitisha kura. Baba wa kijiko akainua wake. Akina mama wa sufuria wakainua yao, wakiwa bado wameshika miiko. Mikono ilihesabiwa, ikahesabiwa tena kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo, na stoo ikawa ya Daktari. Tajiri hakuinua mkono. Githeri ilipoiva alikula sahani mbili, akashukuru, akaenda zake.

Pesa zake hazikuja, basi zikaja za wengine, kidogokidogo. Huyu alileta bati, yule nusu mfuko wa saruji, kanisa la Bungoma likatoa sadaka ya Jumapili moja. Fundi wa Kitale akakubali kulipwa mahindi. Nilizoea kumkuta Daktari akifagia mwenyewe pembe ambayo mashine ingekaa. Alikuwa ameichora chini kwa chaki, mviringo kama ngata, ile pete ya nguo ya kichwani ya mbeba maji, na wageni wote aliwaomba wasiikanyage. Paa likapona. Nguzo za stima zikafika. Ng'ambo wakapiga simu kusema mashine imeanza kufungashwa, na kwamba wanangoja tu neno lake kwamba nyumba iko tayari, kabla ya tarehe waliyokubaliana.

Kisha watu wakaanza kuteremka kutoka mlimani. Ugomvi wa mashamba kule Elgon ulikuwa umegeuka kuwa wa kuua, na waliokimbia walifika na watoto, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Makanisa yakajaa, shule zikajaa. Mvua nayo haikuwa na huruma. Alasiri moja mwenyekiti alitupigia simu: barabara ya Suam, mbele ya stoo yetu, kulikuwa na watu wamekaa chini ya ukingo wa paa.

Tulipofika, walikuwa wengi kuliko alivyosema. Akina mama walikuwa wamewasimamisha watoto karibu na ukuta, wenyewe wakisimama upande wa mvua.

"Tuwapeleke shule ya pale mbele," nikamwambia Daktari. "Hapa tumebakisha kidogo sana."

"Shule imejaa."

Mwenyekiti akamsogelea. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye suti yake. "Daktali, hawa wakiingia hawatoki kesho. Hata mwezi ujao. Mashine je?"

"Najua, mzee," akasema. "Watoto wananyeshewa." Akampa ufunguo, kwa sababu nyumba ilikuwa bado mali ya chama, na ilifaa mwenyekiti afungue mwenyewe.

Waliingia. Nilisimama mlangoni nikiangalia ile chaki ikifutika chini ya miguu, magodoro yakitandikwa juu yake. Kabla ya jioni lori likasimama nje. Alikuwa tajiri wa mahindi, na alikuwa ameleta unga. Aliwaelekeza vijana wake wapange magunia pahali pasipovuja, kisha akanijia.

"Mimi nilikataa mashine," akasema. "Lakini huyu mtu nimemkubali. Akianza tena, usinitafute kwa mkutano, Mwalimu. Nipigie simu tu."

Nilimwambia Daktari, nikidhani itampa moyo. Akasema ashukuriwe kwa unga.

Siku ya kupiga simu ng'ambo aliniomba nimsindikize. Kulikuwa na chumba cha simu mjini Kitale, chenye viti viwili, nami nikakaa kwenye kile cha pili. Hakukuwa na cha kutafsiri. Aliwaambia kwamba nyumba ina watu. Wakamwuliza jambo, akasema hajui watatoka lini, na hatawaambia watoke. Akasema mashine wawape wale wa chuo kingine walioiomba. Nilidhani amemaliza, lakini akavuta kiti karibu na simu, akaanza kuwaeleza kwa makini mambo ya kuwaambia wale wenye bahati: kwamba bomba la kunyonya hewa linakwama asubuhi za baridi na lisilazimishwe, kwamba upande mmoja wa sumaku hupata joto kabla ya mwingine, kwamba kifuniko kikizibwa vizuri hutoa mlio mdogo, wasikilize huo mlio. Aliirudia habari ya bomba. Alikuwa ameifanyia kazi mashine hiyo ujanani, na hakutaka waiumize.

Akaweka simu, akalipa, tukatoka. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya wauza sukuma alisimama, akajishika kiuno, akaketi ukingoni mwa barabara na kuanza kulia kwa sauti, yeye ambaye sikuwahi kumwona akitoa machozi ila yale ya kicheko. Mji mzima ulimjua. Wauza sukuma wakaacha mboga zao wakaja mbio.

"Nani amekufa?" mmoja akaniuliza.

"Hakuna mtu," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayeona nimeshindwa kusema. Akafungua leso yake, akamfunika Daktari mabega, akaketi karibu naye. Mwingine akaketi upande wa pili. Wengine wakachuchumaa mbele yao, kimya, kama tunavyokaa na mtu aliyefiwa, na mteja aliyekuja kununua mboga aliambiwa kwa ishara angoje. Hakuna aliyeuliza tena. Nilikuwa na maneno ya kuwaeleza, nimelipwa miaka mingi kwa ajili ya maneno, lakini niliketi nami, nikalia.

Baadaye Daktari akajipangusa uso kwa pembe ya ile leso, akawashukuru mmoja mmoja, akainuka. Akaniuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kuosha tangi la maji pale stoo, kwa sababu watoto walikuwa wanakunywa humo. Sikujua. Tukanunua brashi mbili na kwenda kuliosha.